Kuonja stauti katika joto la Unguja: uchungu, ukakasi na karafuu isiyoalikwa

Stauti, bia nyeusi ya nafaka iliyochomwa, ikitolewa kwenye friji la baa ya ufukweni, ikamiminwa ndani ya gilasi iliyogandishwa na kunywewa papo hapo, karibu kila mtu hutamka neno moja: chungu. Hajasema uongo, ila amepata sehemu ndogo tu ya kilichomo. Baridi ya nyuzi 2 au 3 huzima harufu na kuufisha utamu, na vinavyobaki kusikika ni uchungu na mchomo wa gesi. Ndiyo maana bia iliyotengenezwa kwa mikono na kiwanda kidogo, na ikauzwa ghali kuliko bia ya kawaida, huweza kuonekana kama maji yaliyopitishwa kwenye makaa.

Unguja na Pemba wengi hawanywi kileo, na makala haya hayamshawishi mtu abadili msimamo wake. Yameandikwa kwa wanaokunywa, na kwa wahudumu wa hoteli na baa zenye leseni, kuanzia Mji Mkongwe hadi Nungwi, Paje na Jambiani, ambao wageni huwauliza "hii ikoje?" na jibu lililo karibu huwa "nyeusi, kali." Jibu hilo halimsaidii mgeni. Weusi hauna ladha, na ukali ni asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Kinachohitaji kuelezwa ni uchungu: umetoka wapi, umepozwa na nini, na ni upi uliomo kwa makusudi na upi ni kasoro.

Weusi ni wa nafaka chache

Stauti hutengenezwa kwa shayiri. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kidogo, kisha hukaushwa ikawa kimea. Mtengenezaji akisaga kilo 5 za nafaka kwa ajili ya lita 20 za stauti, zaidi ya kilo 4 huwa ni kimea cheupe, nacho ndicho kinachotoa sukari ya kuilisha hamira. Weusi wote unatokana na gramu 250 hadi 500 za nafaka iliyochomwa ndani ya pipa linalozunguka, mpaka joto likapita nyuzi 200. Pipa la aina hiyo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1817 kwa jina la Daniel Wheeler. Kabla ya hapo pota, bia ya rangi nzito ya London ambayo stauti ilikuwa ni toleo lake kali, ilitegemea kimea cha kahawia, na hicho kilitakiwa kwa wingi ili rangi ikolee. Ayalandi baadaye walipenda zaidi shayiri iliyochomwa bila kuchipuzwa, na ndiyo inayoipa stauti kavu ule mwelekeo wa kahawa.

Kwa hiyo weusi haukuambii lolote kuhusu nguvu. Guinness ya bomba, inayojulikana kuliko stauti zote, ina alkoholi ya asilimia 4 na kidogo, pungufu ya bia nyingi za rangi ya dhahabu. Wala si nyeusi kama lami. Inua gilasi ya stauti mbele ya dirisha, uinamishe, utaona ukingoni rangi ya damu ya mzee. Ukiona tope la kahawia badala yake, ama imetengenezwa kwa oti nyingi, nafaka inayopikiwa uji, ama umemimina hamira iliyokuwa imetulia chini ya chupa.

Uchungu na jamaa zake

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwa sababu mdomo hupokea vitu vinne au vitano kwa pamoja na ulimi ukaviita vyote uchungu.

Wa kwanza ni uchungu wa hopi, maua ya mmea unaokwea, yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea kwa muda wa saa moja hivi. Mchemko huo hubadilisha asidi zake zikaweza kuyeyuka. Uchungu wake ni safi: hauji mara tu bia inapogusa ulimi, huchelewa kidogo, hukaa nyuma karibu na koo, kisha huondoka na kuacha mdomo ukitaka funda jingine. Wa pili ni uchungu wa kuchomwa. Huu huja na harufu yake, kahawa, kakao, ganda la mkate lililobabuka, na ukitaka kuujaribu ziba pua kwa vidole wakati unameza: harufu ya kahawa itapotea na kitabaki kiuchungu kitupu. Ukizidi hugeuka majivu, na majivu hayasifiwi hata kwenye bia ghali. Wa tatu ni uchungu wa hamira iliyotibuliwa chini ya chupa, mzito, wenye harufu ya unga wa mandazi uliochacha, nao huepukwa kwa kuacha mililita 10 au 15 za mwisho ndani ya chupa.

Kisha kuna ukakasi, ambao si ladha. Ni mguso, uleule wa bibo, wa ndizi mbichi au wa zambarau ambayo haijaiva. Meza funda, halafu pitisha ulimi juu ya meno ya mbele kwa ndani. Ulimi ukiteleza, hakuna tatizo. Ukikwaruza na mate yakawa yamekauka, huo ni ukakasi, na chanzo chake kikubwa ni maganda ya nafaka. Mtengenezaji amesafisha makapi kwa maji yaliyopita nyuzi 77, au ameyasuuza mno kutafuta sukari ya mwisho, au amesaga nafaka mpaka maganda yakawa unga. Wengine hukwepa tatizo hili kwa kuloweka nafaka nyeusi peke yake ndani ya maji baridi kwa saa 12 hadi 24, kisha kuongeza maji hayo mwishoni. Stauti ya namna hiyo ina kahawa nyingi na ukakasi kidogo, ingawa kwa wanaopenda makali ya kizamani huonekana imelainishwa kupita kiasi.

Uchachu nao husingiziwa uchungu. Nafaka iliyochomwa ina asidi kwa asili yake, na asidi hiyo inahitaji maji yatakayoituliza. London na Dublin zilifaulu kwa bia nyeusi kwa sababu maji yake yalikuwa magumu, yenye chokaa ya kutosha kupambana na asidi ya nafaka. Anayeishi upande wa mawe ya matumbawe hapa Unguja anayajua maji ya aina hiyo: ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Nafaka nyeusi ikilowekwa kwenye maji laini mno, kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, huenda chini ya 5.2 na bia hutoka na ukali mwembamba, kama kahawa ya jana iliyopashwa moto. Mtengenezaji makini hulenga 5.3 hadi 5.6. Ukisikia stauti inakuchoma pembeni mwa ulimi na kukusisimua mate bila harufu ya siki, huenda haijaharibika. Maji tu hayakulingana na nafaka.

Upande wa pili wa mizani kuna utamu na uzito. Wanywaji wa kahawa chungu barazani wanaujua mpango huu bila kufundishwa: kikombe kidogo kisicho na sukari, na tende au kipande cha halua mkononi. Stauti nzuri imebeba vyote viwili ndani ya gilasi moja. Utamu wake ni wa sukari zile ambazo hamira haikuweza kuzila. Katika stauti ya maziwa huongezwa laktosi, sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haina uwezo nayo kabisa. Laktosi si tamu sana, haifikii hata robo ya utamu wa sukari ya mezani, ila hujaza mdomo. Mhudumu akumbuke kumwambia mteja kabla hajaagiza, maana watu wazima wengi wa pande zetu tumbo haliipokei laktosi, na mtu atalaumu chakula cha hoteli kwa jambo lililokuwa ndani ya chupa.

Friji, gilasi na udi

Friji la baa hupangwa kwa ajili ya bia nyepesi, nyuzi 2 hadi 4. Stauti kavu ya asilimia 4 au 5 hujieleza vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 10. Ya maziwa na ya oti 9 hadi 12. Ile kali ya asilimia 8 na kuendelea, inayoitwa ya kifalme, hutaka 12 hadi 15. Ikipita hapo, na chumbani hapa ni nyuzi 28 au 30, alkoholi hutangulia puani na gesi hukimbia. Maana yake mlango wa mafanikio ni mwembamba. Chupa ya mililita 330 iliyotoka kwenye nyuzi 4 itafika karibu na 10 baada ya dakika 10 hadi 20 mezani, kutegemea upepo na kivuli. Kipimajoto cha jikoni kitakumalizia ubishi: chovya ncha yake kwenye gilasi ya kwanza, hesabu dakika, na ukishaujua muda wa chumba chako huna haja ya kupima tena. Kwa stauti ya kifalme, mimina kidogo kidogo; funda la dakika ya 5 na la dakika ya 25 huwa kama bia mbili tofauti, na hilo ni sehemu ya starehe yake.

Gilasi iliyogandishwa iachwe. Barafu iliyoshika ukutani hurusha povu lote kwa mara moja, kisha huyeyuka na kuizimua bia kwa maji. Gilasi yenye tumbo pana na mdomo uliofinywa kidogo inafaa, na kama haipo, gilasi ya mvinyo inatosha kabisa. Jaza chini ya nusu ili pua ipate nafasi.

Adui mkubwa wa povu katika baa zetu ni sponji iliyoosha sahani za pweza wa nazi. Tabaka la mafuta lisiloonekana kwa macho linatosha kulivunja povu ndani ya nusu dakika. Kuna kipimo rahisi: suuza gilasi kwa maji safi, ipindue, tazama. Maji yakiteremka kama pazia moja, ni safi. Yakikatika matone matone, bado ina mafuta. Baada ya kumimina pia utaona: vipovu vikiganda ukutani chini ya bia, hapo pana uchafu. Gilasi za bia ziwe na sponji yake, zisuuzwe mara mbili, na ziachwe zikauke zikiwa zimepinduliwa juu ya wavu. Kitambaa huacha nyuzi na harufu. Na aliyezisuuza kwa dawa ya klorini asishangae mteja akilalamika kwamba bia inanuka hospitali.

Chumba nacho kina harufu yake. Udi uliofukizwa jioni, manukato ya mafuta, dawa ya mbu, moshi wa mishkaki, vyote hivyo huingia puani kabla ya stauti. Kama kuonja ni kwa kazi, kwa mfano kuchagua bia zitakazoingia kwenye orodha ya hoteli, fanyeni asubuhi kabla jiko halijawaka. Mililita 100 kwa kila mtu kwa kila aina zinatosha, aina zisizidi tano au sita, kuanzia nyepesi kwenda kali na kavu kwenda tamu. Kati ya moja na nyingine tumieni maji na kipande cha boflo kavu. Anayeonja kwa ajili ya kazi anaweza kutema. Sehemu kubwa ya taarifa imo puani. Na hesabu za alkoholi zisisahaulike: mililita 330 za stauti ya asilimia 10 zina gramu 26 za alkoholi, wakati chupa kama hiyo ya asilimia 4.5 ina gramu 12 hivi. Mteja mwenye pikipiki ya kukodi aambiwe hivyo kabla, maana utamu wa stauti kali unaficha.

Kumimina

Chupa ya kawaida: inamisha gilasi nyuzi 45, mimina ukutani mpaka ifike nusu, isimamishe, malizia katikati ili upate povu la vidole viwili. Povu hilo hubeba harufu na huzuia gesi isitoroke yote. Likiwa rangi ya kahawa ya maziwa, limepakwa na nafaka iliyochomwa. Katika stauti nyingi hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Stauti ya naitrojeni ni habari nyingine. Hapo gesi ni mchanganyiko, mara nyingi robo tatu naitrojeni na robo kaboni dioksaidi. Naitrojeni haiyeyuki kwa urahisi kwenye bia, kwa hiyo hutoka kwa vipovu vidogo mno, vinavyofanya mdomo uhisi krimu ambayo haimo. Vipovu hivyo huonekana vikizama ukutani mwa gilasi, jambo linalowashangaza wengi. Katikati ya gilasi vinapanda na kuivuta bia juu; bia hiyo hulazimika kurudi chini kwa kupitia pembeni, ikiburuta vipovu vya ukutani. Kopo lenye kidude cha plastiki ndani hufunguliwa likiwa baridi na kumiminwa lote kwa mkupuo. Lisilo na kidude hupinduliwa taratibu mara mbili tatu kabla ya kufunguliwa, kisha humiminwa kwa nguvu likiwa limepinduliwa wima. Ukilimimina kwa adabu utapata bia chapwa isiyo na povu. Kumbuka pia kwamba naitrojeni hupunguza harufu na kulainisha uchungu. Ni raha ya mdomo zaidi kuliko ya pua.

Kuonja kwenyewe

Nusa kabla ya kunywa, na unuse mapema, kwa sababu harufu nyepesi huondoka ndani ya dakika moja au mbili. Mivuto mifupi miwili au mitatu ni bora kuliko mmoja mrefu. Pua huzoea haraka. Zungusha gilasi, nusa tena. Jaribu kutaja kitu unachokijua kweli badala ya maneno ya lebo: buni inayokaangwa, kashata ya nazi iliyoshika rangi, sukari guru, ufuta, tende, ganda la mkate wa kumimina lililogusa chungu. Mtu aliyekulia hapa ana akiba ya harufu ambayo mwonjaji wa Ulaya angeitamani, na hakuna sababu ya kuazima matunda ya lebo ambayo hajawahi kuyala.

Chukua funda la kijiko kimoja na nusu hivi, lizungushe mdomoni sekunde tatu au nne, meza, kisha toa pumzi kwa pua huku umefunga mdomo. Pumzi hiyo ndiyo inayopeleka harufu nyuma ya pua, na mengi tunayoyaita ladha hupatikana hapo. Funda la kwanza halihesabiwi. Hushtua mdomo tu. La pili ndilo la kuamulia.

Fuatilia mpangilio wa mambo. Mwanzo kwa kawaida ni utamu kidogo au kahawa. Katikati ni uzito: stauti ya oti huteleza kama uji uliochujwa, kavu huwa nyembamba kuliko rangi yake ilivyotarajisha, na wepesi huo si kasoro. Mwisho ndio unaotenganisha bia za ufundi na za kubahatisha. Hesabu kimya kimya sekunde 20 baada ya kumeza. Uchungu unapungua na kuacha kakao au mkate? Au unaongezeka, ukikauka na kuishia kwenye majivu? Ukiongezeka, gilasi ya pili haitakuwa ya raha, hata kama ya kwanza ilikupendeza.

Karafuu isiyoalikwa, na kasoro nyingine

Mpemba akinusa stauti na kusema "karafuu," asikilizwe. Harufu hiyo inaweza kuingia kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni karafuu yenyewe. Viwanda vidogo hupenda kutia viungo kwenye stauti, mdalasini, vanila, iliki, karafuu, na si vibaya, ila karafuu haina msamaha. Kinachonukia ndani yake ni eujenoli, kitu kilekile ambacho madaktari wa meno hukitumia kutia ganzi. Kwenye lita 20 za bia, vichwa vichache tu vya karafuu vilivyochemshwa dakika 5 za mwisho vinasikika. Ukitia kiganja, ncha ya ulimi itakufa ganzi na mnywaji hataonja kitu kingine. Stauti ya viungo iliyopimwa vizuri hukufanya uulize "kuna nini humu?" Iliyokosewa hujitangaza kabla gilasi haijafika mezani.

Njia ya pili ni hamira. Kuna hamira, zikiwemo za porini zinazoingia kupitia mabomba na mapipa yasiyosafishwa, ambazo huibadilisha asidi ya ganda la shayiri ikawa kitu kinachonuka karafuu wakati hakuna hata kichwa kimoja cha karafuu kilichotiwa. Katika bia za ngano za Ujerumani harufu hiyo hutafutwa kwa makusudi. Katika stauti, mara nyingi ni mgeni. Utamjua kwa aliofuatana nao: ulimi haufi ganzi, mwili wa bia umekuwa mwembamba na mkavu kuliko lebo ilivyoahidi, na gesi imezidi. Baadhi ya hamira hizo hula hata sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha, na zikiendelea kula ndani ya chupa iliyofungwa, shinikizo hupanda. Chupa ikifunguliwa hububujika mpaka mezani. Ikiachwa kwenye ghala la joto inaweza kupasuka. Kwa hiyo ukipata chupa moja ya shehena ina karafuu na povu lisiloshikika, nyingine zitiwe kwenye friji haraka, zifunguliwe juu ya sinki, na muuzaji aarifiwe.

Harufu ya plasta au dawa ya hospitali hutokana na klorini iliyokutana na vitu vya kimea, ama kiwandani ama kwenye gilasi yako. Kabla ya kumlaumu mtengenezaji, mimina iliyobaki kwenye gilasi nyingine iliyosuuzwa kwa maji ya chupa. Harufu ikipotea, kosa ni la sinki. Harufu ya samli ni diasetili, dalili ya bia iliyoharakishwa kabla hamira haijamaliza kazi. Ikitokea kwenye bia ya bomba pamoja na uchachu, shuku mabomba, ambayo yanapaswa kusafishwa angalau kila wiki mbili. Siki ni bakteria na hewa. Mahindi ya kuchemsha ni maji ya kimea ambayo hayakuchemshwa vya kutosha au yalichelewa kupozwa.

Kasoro ya kawaida zaidi visiwani, hata hivyo, haikuanzia kiwandani. Bia nyingi zinazonywewa hapa zimevuka bahari, zikasubiri kwenye kontena, kisha zikawekwa stoo yenye paa la bati. Joto huharakisha uzee: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huufanya uende karibu mara mbili. Bia ya dhahabu iliyozeeka hunuka boksi lililorowa. Stauti ni mjanja zaidi, nafaka yake iliyochomwa huficha boksi, na dalili huja kwa sura nyingine: kahawa imetoweka, kumebaki sukari guru iliyopooza, kisha mchuzi wa soya. Anayekutana na stauti ya namna hii kwa mara ya kwanza hudhani ndivyo ilivyo. Soma tarehe kwanza, na ukiweza linganisha na chupa ya shehena mpya.

Mezani

Stauti kavu na pweza wa kuchoma wa Forodhani hupatana, kwa kuwa chumvi hupunguza uchungu na moshi hukutana na moshi. Mishkaki vilevile, pilipili ikiwa ya kiasi. Pilipili nyingi huamsha alkoholi na kuufanya uchungu uwe mkali. Urojo hapana. Ndimu na embe mbichi zikikutana na asidi ya nafaka nyeusi, vyote viwili huharibika. Halua iwekwe na stauti kavu au ya kifalme. Ukiiweka na ya maziwa utachushwa kabla ya kumaliza kipande. Samaki wa kupaka, na nazi yake nzito, anaibeba stauti ya oti vizuri kuliko inavyodhaniwa.

Kwa wanaonunua kwa kreti: chupa zisimame wima, gizani, mahali pasipozidi nyuzi 15 kama papo, na kama hapapo friji ni bora kuliko stoo, hata kwa zile kali zinazosemwa kuwa huzeeka vizuri. Zinazeeka vizuri kwenye ghala baridi la Ulaya. Chini ya bati la Nungwi zinaungua tu. Stauti nyepesi inywewe ndani ya miezi mitatu minne tangu kutengenezwa. Chupa kubwa ya kifalme isiyomalizika inaweza kuzibwa kwa kizibo kigumu na kurudishwa kwenye friji mpaka kesho yake. Gesi itapungua, kahawa itabaki. Siku ya tatu itumie kulowekea nyama ya mishkaki.